Mimi Sikuzaa Redio

Mama Chiriku alikuwa ameisimulia habari ya kifo cha mwanawe mara nyingi mno, hadi ikawa kama anasoma tangazo la maji kukatika. Kiwanda cha nguo kiliungua, mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, binti hakutoka. Basi. Watu wanafuta machozi, yeye anatafuta kikombe chake cha chai.

Msidhani hakuwa na uchungu, jamani. Aliumia mpaka akaishiwa, ganzi ikamshika. Lililomtisha ni moja tu: binti mwenyewe, aliyeitwa Chiriku kwa kuongea kutwa, alikuwa hamsikii tena. Sura anaikumbuka. Sauti, wapi! Kila akisimulia, inazidi kufifia. Ndiyo maana siku hiyo alikuja kukiaga kikundi cha waliofiwa na moto ule. Harakati za kudai haki ziendelee, yeye imetosha, asije akampoteza mtoto mara ya pili.

Kikundi kilikuwa na desturi: akija mgeni, wenyeji humweleza kwanza kilichowaleta. Mgeni wa siku hiyo alikuwa mpiga pasi wa kiwanda kilekile, dada mwembamba mwenye kovu la moto mkononi. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akamwonea huruma Mama Chiriku, akamsimulia mgeni kwa niaba yake.

"Mwenzetu huyu alifiwa na binti yake motoni. Msichana mpole, mnyamavu..."

"Mnyamavu nani?" mpiga pasi akadakia. "Chiriku? Salaale! Tulikuwa tunatazamana, mimi na pasi yangu, yeye na cherehani yake. Yule hafungi mdomo hata akibana pini kwenye meno!"

Mama Chiriku akatazama sakafu. Hilo neno "mnyamavu" hata yeye alishazoea kuliitikia.

"Tangu moto ule sijamsimulia mtu," mpiga pasi akasema. "Lakini mama, utanisamehe, wewe ndiye uliyekuwa kichekesho chetu cha mchana. Chiriku anasimama hivi." Akashika kiuno, akabana pua. "'Wewe mtoto! Kula kwanza, maneno hayajazi tumbo! Mimi sikuzaa re...' Hapo hamalizi. Kila siku kicheko kinamkatiza hapohapo, hiii, hiii, mpaka anaishiwa pumzi."

"Uongo mtupu!" Mama Chiriku alikwishasimama, mikono kiunoni. "Wewe mtoto! Mimi na maneno hayo wapi na wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Naye akabaki amesimama, kwa sababu ile hiii, hiii alikuwa ameisikia, na haikuwa ya mpiga pasi. Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu mazishi.

Mpiga pasi akapiga magoti mbele yake. "Nisamehe mama, nimekukosea adabu."

"Mama," mwenyekiti akasema taratibu, "ulisema una neno la kuaga?"

"Neno gani? Hebu kaa chini, mwalimu." Akamshika mpiga pasi ule mkono wenye kovu, akamvuta kitini pembeni yake. "Rudia, mwanangu. Ile ya redio."