Kibandiko Begani mwa Rory

Katika kiwanda cha breki pale Toledo, Marekani, mtu asiyevuta sigara hakuwa na sababu ya kutoka nje. Msimamizi alipiga kelele, "Wavutaji, dakika kumi!" na nusu ya watu wakatoweka. Rory alibaki kwenye mashine akitafuna kijiti, mguu ukimchezacheza, fulana ya kubana matiti ikimkaba mbavu kwa joto.

"Njoo bwana, usimame tu nasi upunge upepo," Duane alimwita kutoka mlangoni.

"Nikisimama nanyi nitavuta. Nakujua wewe, shetani mkubwa."

"Tangu uache una gubu kama mama mkwe!"

"Wiki ijayo nikishapasuliwa uniletee maua, gubu litaisha."

Duane akacheka. Kiwanda kizima kilijua kwamba Rory, aliyezaliwa akaitwa msichana, alikuwa anakwenda kuondolewa matiti, na kwamba daktari alishasema kavukavu: ukivuta, hupasuliwi. Na Rory alikuwa mvutaji tangu baba yake alipomfukuza nyumbani, akiwa bado mwanafunzi. Uwanja wa nyuma wa baa ya watu kama yeye ndio uliokuwa sebule yake, na pale humjui mtu mpaka umwombe kiberiti. Kuacha sigara kulikuwa ni kuwaacha watu wale pia. Aliacha. Iliuma, tusidanganyane.

Mchana aliomba ruhusa akaenda hospitali kupimwa mkojo. Karani wa mapokezi akapaza sauti, "Bibi Pawlak!" Rory na ndevu zake akasimama, ukumbi mzima ukageuka. Karani akamtazama, akatazama kompyuta, akamtazama tena, kana kwamba mmoja wao anadanganya.

Nesi Patrice alileta majibu bila kuketi.

"Nikotini ipo, mpenzi wangu. Upasuaji umefutwa."

"Haiwezekani! Sijagusa sigara tangu theluji iyeyuke."

"Kipimo ndivyo kinavyosema."

Rory akapandisha mkono wa fulana. Begani palikuwa na kibandiko cha dawa. "Au ni hiki? Si mmenipa wenyewe? Ghorofa ya chini, kwenye kikundi chenu cha kuacha sigara!"

Patrice akashusha pumzi. "Hicho nacho ni nikotini. Inabana mishipa ya damu, kidonda hakiponi vizuri. Ilitakiwa wakuambie."

"Nani?"

"Wa chini."

"Basi nakibandua sasa hivi. Mwezi ujao nirudi?"

"Nafasi iliyopo ni ya Machi."

Bima ya kiwanda ilikuwa inabadilika Januari, na hiyo mpya haingelipia upasuaji kama wake. Machi kwake ilikuwa sawa na kamwe. Patrice alimshika mkono, Rory akauchomoa. Hakuwa na kinyongo naye. Alitamani sigara kiasi kwamba hata kuguswa kulimkera.

Akateremka ngazi mbiombio. Kwenye chumba chenye bendera ya upinde wa mvua mlangoni, Glenda, mama wa makamo aliyekuwa akiendesha kikundi, alikuwa akigawa vibandiko.

"Rory! Karibu mwanangu, keti."

"Hukuniambia kwamba hiki kinazuia upasuaji."

Tabasamu la Glenda likayeyuka. "Si walitakiwa wakuambie wa juu?"

"Wa juu wanasema ni nyinyi."

"Tukaongee pembeni, sawa? Usiwatishe wenzako. Hii dawa inaokoa watu."

"Najua inaokoa. Imeniokoa mimi!" Hakujali nani anasikia. Akawageukia waliokaa kwenye viti. "Nani mwingine humu anangoja kupasuliwa?"

Watu wakatazamana. Glenda alisimama na boksi lake mkononi, asijue aliweke wapi. Kijana mmoja karibu na dirisha akanyanyua mkono nusu, kisha jirani yake naye. Halafu dada mmoja mrefu mwenye wigi jekundu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kubandika chake, akauvuta mkono wa blauzi chini taratibu.

"Mimi," akasema, "ni Ijumaa hii."