Kitufe Shingoni mwa Mama

Ofisini walimwita Bibi Vijikaratasi, naye hakununa, maana ukuta wake ulijaa vijikaratasi vya rangi kutoka juu hadi chini: vya njano kwa shida, vya kijani kwa mawazo, vyekundu kwa tarehe za mwisho. Alikuwa meneja wa mradi, na mradi wenyewe ulikuwa kitufe. Kitufe kidogo cha kuvaa shingoni, kwa ajili ya wazee wanaoishi peke yao. Mzee akipatwa na shida anakibonyeza, taa yenye namba yake inawaka kwenye ubao ofisini, na msaada unakwenda.

Kwenye semina alikuwa amefundishwa kwamba mradi mzuri huanza na mtu atakayekitumia kitu. Msikilize, taja shida yake, buni, tengeneza mfano, ujaribu. Basi akawasikiliza. Alikaa na kila mzee nusu saa, akauliza kitufe kiwe cha rangi gani, kamba iwe na urefu gani, kikibonyezwa kitoe mlio au kikae kimya. Mzee wa kumi na mbili kwenye orodha alikuwa mama yake mzazi. Huyo alimhoji kwa simu, dakika kumi, kwa sababu nani asiyemjua mama yake?

Majaribio yakaenda wiki tatu. Saa nne asubuhi ya siku ya kikao, alisimama mbele ya mkurugenzi na kusoma matokeo: wazee kumi na wawili, siku ishirini na moja, hakuna kitufe kilichobonyezwa hata mara moja. Mkurugenzi akafurahi. Alisema maana yake wazee wote wako salama, na Jumatatu mradi uzinduliwe. Watu wakapiga makofi, isipokuwa mhandisi aliyekitengeneza kitufe, mtu wa maneno ya kuhesabu, ambaye alikuwa anautazama tu ule ubao usiowaka.

Katikati ya makofi simu ya Bibi Vijikaratasi ikatetemeka mezani. Ulikuwa ujumbe wa fundi cherehani, jirani wa mama yake, ambaye ukuta mmoja ndio uliowatenganisha. "Leo sijasikia ufagio wa mama. Nimegonga, kimya."

Mama yake alikuwa na ada moja isiyovunjwa na mvua wala mafua: akiamka tu, anafagia mlangoni. Fundi alizoea kuwasha cherehani yake kwa kuusikia ule ufagio. Bibi Vijikaratasi akautazama ubao. Namba kumi na mbili haikuwa imewaka. Angekuwa na shida angebonyeza, alijiambia, huku mkono umeshaifikia simu. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu alikuwa tayari yuko kwenye ngazi, na kikao amekiacha na midomo wazi.

Nyumba ya mama ilikuwa mitaa mitatu tu kutoka ofisini. Mitaa mitatu, na alikuwa hajakanyaga pale tangu mwezi uliopita. Alikimbia na viatu vya kikaoni, mpaka kimoja akakivua na cha pili akakisahau kilipoangukia. Njiani yakamjia yale aliyokuwa ameyazika: wiki ile mama alimpigia mara mbili, na mara zote mbili alimjibu, "Mama, niko kikaoni, nitakupigia." Hakupiga. Hofu ina ukatili huo, inakukumbusha ukiwa huna la kufanya.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwenye mkoba, lakini uligonga kitasa mara nne kabla ya kuingia. Alikuwa anaogopa mlango usifunguke, na alikuwa anaogopa ufunguke.

Mama alikuwa chini, sakafuni jikoni, kati ya ndoo na jiko, mguu mmoja umegeuka kusikogeuka mguu. Midomo imekauka. Macho yalikuwa wazi, nayo yakamwona.

"Umekuja," mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anabishana na nafsi yake.

Alikuwa ameanguka alfajiri, karibu saa nne zilizopita. Kitufe kilikuwa pale pale shingoni, na mkono wake wa kulia umekishika. Binti akamuuliza mbona hakubonyeza. Mama akafumba macho, akasema hakutaka kusumbua watu wenye kazi zao.

Hospitali walisema nyonga imevunjika lakini amewahi. Binti akashukuru, akakaa kwenye benchi la korido, akafikiri sasa moyo utatulia. Haukutulia. Alikuwa ameanza kuhesabu. Mama yake alilala sakafuni na ubao ukaonyesha sifuri. Na wale wengine kumi na mmoja, ambao sifuri zao ndizo alizopigiwa makofi? Akampigia mhandisi, akamwambia achukue kila mtu ofisini, waende nyumba kwa nyumba, wasirudi bila kumwona kila mzee kwa macho.

"Lakini hakuna aliyebonyeza," mhandisi akasema.

"Ndiyo maana."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," mhandisi akasema, na simu ikakatika.

Saa tatu zilizofuata alizipitisha akiishika simu kwa mikono miwili. Kila ilipotetemeka aliogopa kuitazama. Mungu si Athumani, hakuna aliyekufa. Lakini dereva mstaafu alikuwa ameanguka mara mbili bafuni na kujifunga mkono kwa kitambaa. Mkunga wa zamani alikitundika kitufe msumarini, asije akakigusa kwa bahati mbaya akaita watu bure, ikawa aibu. Mwalimu mmoja alikuwa siku ya pili hajala kwa homa. Wote walimpokea mgeni wao kwa neno moja: hawakutaka kusumbua.

Kesho yake alikwenda kwa mkurugenzi, akamwambia Jumatatu hakuna uzinduzi. Alitegemea kufukuzwa. Mkurugenzi alifoka mpaka akachoka, kisha akauliza mama yake meneja anaendeleaje; aliposikia alilala sakafuni na kitufe mkononi, hapo ndipo alipoelewa. Meneja akarudi ofisini, akavibandua vijikaratasi vyote, akaanza upya pale alipokuwa amepapita haraka, kwenye kusikiliza. Safari hii hakuuliza rangi. Aliuliza wanaamkaje, wanaogopa nini, na nani angejua kama hawakuamka.

Jibu lilikuwa limekaa mtaani miaka yote, kwenye sikio la fundi cherehani. Wakakigeuza kitufe. Mzee hataomba tena msaada. Atabonyeza kila asubuhi kusema ameamka, kama anavyosalimia jirani. Ikifika saa moja na nusu taa haijawaka, watu wanakwenda. Alipomweleza mama, ambaye sasa alikuwa nyumbani na fimbo yake, mama aliuliza jambo moja tu.

"Na nisipobonyeza?"

"Nitakuja."

"Mh," mama akasema.

Asubuhi ya kwanza ya majaribio mapya, taa zikawaka moja baada ya nyingine. Dereva, mkunga, mwalimu. Saa moja na robo zilikuwa kumi na moja. Namba kumi na mbili ilikuwa giza. Saa moja na nusu ilipogonga, mhandisi alimgeukia meneja wake, akakuta kiti kitupu.

Alikimbia mitaa ile ile mitatu. Hofu ilikuwa ile ile pia, haikupungua hata chembe. Ufunguo ukagonga kitasa, mlango ukafunguka, akaingia moja kwa moja jikoni huku analia.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti, mzima, fimbo mapajani, kitufe mezani mbele yake, macho kwenye saa ya ukutani.

"Dakika saba," akasema.

Binti alitaka kukasirika. Badala yake akakaa sakafuni, kati ya ndoo na jiko.

"Si ulisema ni majaribio?" mama akasema. "Na mimi nilikuwa najaribu." Kisha akaacha utani. "Siku ile kidole kilikuwa juu ya kitufe, mwanangu. Saa nne nzima. Sikuogopa kusumbua. Niliogopa nibonyeze, na usije."

Akanyoosha mkono, akakibonyeza.