Beki Asiyeandikwa

Aili Kivelä alikuwa ameripoti hoki ya barafuni mjini Thunder Bay kwa miaka kumi na minane. Siku moja, akipekua makala zake, aligundua kwamba alikuwa amemtaja mara sita tu Orest Hnatiw, beki aliyekuwa kwenye timu ya mji huo misimu kumi na mitatu. Jambo hilo likamkera. Mtu anadumuje kiasi hicho bila kuonekana?

Akamuuliza kipa, Dufresne.

"Orest? Sijui anafanya nini, dada. Najua tu akiwepo mbele yangu, mimi nalala usingizi."

Basi kwenye mechi ya Jumapili mchana Aili akaamua kumtazama Orest peke yake, kisahani kinachochezewa badala ya mpira kiende kiendako. Akaona mambo. Kila mshambuliaji aliyemjia, Orest alirudi nyuma taratibu, akimsogezasogeza ukutani mpaka mtu anakosa njia, kama aliyeingia uchochoro usiotokea. Hakumgonga mtu. Hakushangiliwa.

Kipindi cha tatu, mpinzani akaachia shuti kali. Orest akaweka mguu. Akaanguka, akainuka, akasimama kwa mguu mmoja langoni mpaka hatari ikapita. Wenzake wakakimbia na kisahani, wakafunga. Uwanja ukalipuka kwa jina la mfungaji.

Aili alimkuta Orest kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mguu ndani ya ndoo ya barafu.

"Umevunjika."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwa nakutazama."

"Mchezo mzima?" Orest akaona haya, kama mtu aliyefumaniwa. "Huna kazi, wewe!"

"Mbona hupandi kushambulia? Msimu wako wa kwanza ulifunga mabao tisa."

"Bao la tisa nililikimbilia, nikamwacha mwenzangu Gordie nyuma peke yake na watu wawili. Wakamvaa. Goti lake halikupona, hakucheza tena." Akageuza mguu ndani ya ndoo. "Andika habari za mguu. Za Gordie niachie."

Aili akaandika za mguu tu.

Mifupa miwili ilikuwa imevunjika. Bila Orest timu ilifungwa mechi tano mfululizo, na kwenye mgahawa mmoja mjini unaouza chapati za Kifini watu wakaanza kuulizana: hivi yule beki mrefu, jina lake nani vile?

Mechi ya sita Aili alimkuta jukwaani, magongo yake ya kutembelea yameegemea kiti. Akaketi kando yake. Mshambuliaji wa wageni akachomoka na kisahani.

"Kushoto," Orest akanong'ona. Mshambuliaji akakata kushoto.

"Umejuaje?"

"Usitazame kisahani, kitakudanganya. Hata macho yake yatakudanganya. Mtazame kifuani. Kifua hakijui kusema uongo. Haya, huyu anayekuja anaenda wapi?"

Aili akakaza macho. "Kulia?"

Mchezaji akakata kushoto, akafunga.

"Ungekuwa beki wangu," Orest akasema, "Dufresne asingelala."