Chaja Yenye Alama Nyekundu

Mimi nauza tochi Sotik, mlango wa pili kutoka kwa kinyozi, na ukitaka kuona hasira zangu njoo uniulize kama chaja yoyote si ni chaja tu. Mtu ananunua tochi nzuri ya kuchaji, anabishana na mimi mpaka nampunguzia, halafu chaja anataka kuokota popote pale barabarani. Hapo naweka kikombe changu chini na kumwambia akae kwenye kiti. Hata kama ni mzee wa kanisa, atakaa, na atanisikiliza.

Basi fikiria nilivyojisikia Gichana aliponipigia simu kutoka Boito, Jumatatu saa ya chai, akisema mama yake ameponea chupuchupu.

"Jiko lilitaka kuwaka," akasema. "Ni ile tochi yako."

Yako. Gichana ni mume wangu, fundi wa magari, mtu mpole mpaka wateja wanamwonea, lakini hiyo "yako" aliitamka kama mtu anayerudisha maziwa yaliyoharibika. Nikauliza kama Mama ameumia. Hakuumia. Betri ya tochi ilikuwa pembeni mwa moto, ikaanza kulia fyuuu, ikatoa moshi, ikarusha cheche kwenye gunia la kubebea majani ya chai. Mama alilizima gunia kwa mchanga. Paka alitorokea kwa jirani na hajarudi.

"Nimeamua," akaendelea. "Mama anahamia kwetu. Ng'ombe tutauza, chai tutatafuta mtu wa kuchuma. Njoo na mifuko unisaidie kufunga vitu vyake."

Nilifunga duka nikiwa nimechukia. Sikujua nimchukie nani, lakini nilikuwa nimechukia.

Lazima umjue Mama Mongina kwanza. Yeye na marehemu baba mkwe walifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai tangu wakiwa vijana, wakanunua kipande chao pale Boito, na kila shina la chai lililo pale walilipanda kwa mikono yao. Tangu mzee atutoke, Mama anakaa peke yake na ng'ombe mmoja anayeitwa Molly. Anamkamua kabla hakujapambazuka ili pikipiki ya maziwa isimpite. Jioni anabeba majani mpaka kituo cha kupimia, anakaa kwenye benchi na akina mama wenzake kungoja lori, na lori likichelewa giza linawakuta hapo hapo wakipiga domo. Ndiyo sababu nilimpa tochi ya kuvaa kichwani, mikono yake yote miwili ifanye kazi. Sasa mtu kama huyo umlete Sotik, kwenye nyumba ya kupanga juu ya duka la mbolea, akae akiangalia magari. Angenyauka. Nilijua hivyo, na Gichana alijua, lakini hofu ilikuwa imemkaba, na kusema kweli ingekuwa mama yangu mzazi hata mimi ningeogopa.

Nilimkuta Mama amekaa kwenye ngazi ya nyumba, hajafunga hata kijiko. Akanipa mkono. "Karibu, mwanangu. Umekuja kunibeba?"

"Nimekuja kunywa chai," nikamwambia.

Gichana alikuwa ndani, ameweka ushahidi mezani juu ya sahani ya bati: ile betri iliyoungua, nyeusi, imefunguka upande mmoja. Kando yake aliweka ya pili, ambayo haikuwa imeungua. "Hebu angalia hii," akasema. "Angalia vizuri. Ni meno."

Nikaangalia. Ganda la plastiki lilikuwa limechanika, na kweli zilikuwa alama za meno.

"Mawe haya ya tochi yakiisha nguvu unayauma kidogo, halafu unayaweka karibu na moto," Mama akasema kutoka mlangoni, bila haya yoyote. "Gichana, usinitolee macho. Mpira wote uliosikiliza kwenye redio ukiwa mtoto, uliusikiliza kwa mawe niliyouma mimi."

Hapo nilitaka kucheka, nikajizuia. Hakuna nyumba ya huku kwetu ambayo haikufanya hivyo. Mama yangu mwenyewe alikuwa anayaanika juu ya mabati mchana kutwa, na jioni redio inapata nguvu ya kumaliza taarifa ya habari. Lakini hayo yalikuwa mawe ya zamani. Nikavuta kiti.

"Mama, haya si yale mawe. Yale yalikuwa yanakufa polepole kama mzee aliyechoka. Haya ya lithiamu yamefungiwa nguvu nyingi mahali padogo. Ukiliuma, ndani kuna vitu viwili havitakiwi kugusana, na vinagusana. Ukiliweka kwenye joto linaanza kujipasha lenyewe, na likishaanza, wewe ondoka tu."

"Nimeliona," akasema. "Hata paka ameliona."

"Sasa unaona," Gichana akadakia. "Ndiyo maana nasema ahame."

"Basi nimesikia kuhusu moto," Mama akasema, ananiangalia mimi, hamwangalii yeye. "Lakini mwanangu, jiwe lenyewe lilikuwa halina nguvu. Nikifika kwa Molly, ndoo haijafika nusu, giza. Ningefanyaje?"

Hilo likanisimamisha. Betri zile nilizichagua mwenyewe, si zile za kuandikwa nguvu za uongo. Zikijaa zinafaa kumulika asubuhi zaidi ya moja. Nikauliza chaja iko wapi.

"Iko."

"Iko wapi, Mama?"

"Si iko tu."

Nikaingia sebuleni mwenyewe. Kwenye soketi ya ukutani kulikuwa kumechomekwa kitu cha plastiki nyembamba, chepesi kama kiberiti kitupu. Hakikuandikwa volti, hakikuandikwa ni cha betri ya aina gani, hakikuandikwa hata jina la aliyekitengeneza. Katika mkoba wangu haikosi ile mita ndogo ya kupimia stima. Nikapima. Betri kama hizi zinataka kujazwa mpaka volti nne nukta mbili, hapo chaja isimame. Hiki kilikuwa kinasoma zaidi ya tano, na hakikuonyesha dalili ya kusimama. Chaja nzuri inajua betri imeshiba. Hii ilikuwa inalisha tu.

Nikarudi nayo mkononi, na sasa hasira zilikuwa zimepata mahali pa kukaa. "Mama, hii sikukupa mimi. Yangu niliipaka rangi ya kucha nyekundu kwenye ule upande wa kujumlisha, ujue kichwa cha betri kinaangalia wapi. Iko wapi?"

Mama akaanza kukoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. "Iliazimwa."

"Na nani?"

"Mtu aliyekuwa na shida nayo."

"Ni Rodah?" Rodah ndiye jirani, yule aliyekimbiliwa na paka, na mimi nilikuwa tayari kuvuka ua.

"Mwache Rodah."

"Na hii takataka, ilikuwa inafanya nini ukiiwasha?"

"Inachoma," Mama akasema. "Jiwe linakuwa moto hata huwezi kulishika. Ile yako ilikuwa na taa inageuka kijani. Hii ni nyekundu tu, haigeuki. Niliogopa, nikawa naichomoa mapema."

Nikakaa chini. Sasa niliielewa hadithi yote. Mama aliona chaja inachoma, akaichomoa, na huenda kuichomoa huko ndiko kulikomwokoa. Ila betri ikawa haijai. Haijai, inazima kwa Molly. Inazima, anafanya alichofanya maisha yake yote: anaiuma na kuiweka motoni. Mwanawe alikuwa anamwona mzee asiyejiweza, lakini mimi nilimwona mtu aliyekuwa anajitahidi na chombo kibovu.

"Mama, simu unayo. Kwa nini hukuniambia?"

Akaiangalia mikono yake. "Ungeniuliza imetoka wapi."

Gichana akaweka kikombe chake mezani, polepole sana.

"Niliichukua mimi," akasema.

Nikaiweka ile chaja nyembamba mezani, mbele yake.

"Yangu ya gereji ilikanyagwa na gari. Nilikuwa nimepita hapa kumletea Mama sukari, nikaona hiyo, nikasema nitaitumia wiki moja. Hii nilimnunulia Kapkatet siku ya soko, asikae bila. Aliyeniuzia alisema zote ni sawa."

"Gichana," nikasema, "wewe umeoa muuza chaja."

"Najua."

"Duka liko hatua chache kutoka gereji yako."

"Niliogopa utanikalisha kwenye kile kiti."

"Mwache," Mama akasema. "Mtoto ameniletea kitu kwa mkono wake. Nimwambie alichoniletea ni kibaya?"

Gichana akainamisha kichwa. Alikuwa analia, na sioni sababu ya kuficha. Alipofuta uso akasema, "Na mimi nilikuwa nakuhamisha."

"Ulikuwa unanihamisha," Mama akakubali. "Kunywa chai, inapoa."

Gichana aliondoka saa hiyo hiyo na pikipiki kwenda Sotik, na jua halijatua alikuwa amerudi na chaja ya rangi ya kucha, imejaa mafuta ya gereji. Niliipangusa yote. Nilimletea Mama betri mpya kutoka kwenye mkoba, zikiwa kwenye kasha lake la plastiki, kwa sababu betri haikai mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Zile mbili za zamani nilizifukia kwenye kopo la mchanga nje, mbali na nyumba, nikasema nitaondoka nazo, maana betri iliyoumwa au iliyochanika ganda haichajiwi tena hata kama inaonekana nzima. Ile chaja nyembamba niliivunja kwa jiwe mbele ya Gichana, na nilifurahi kuivunja.

Kisha nikamwonyesha Mama mahali pa kuchajia: kwenye simenti ya varanda, si kitandani, si juu ya kochi, na isifunikwe kitambaa hata kama ni kile kizuri cha mezani. Ichaji mchana yeye akiwepo, na ikiwa kijani aitoe. Nilikuwa najiandaa kurudia, lakini Mama alikuwa ameshachukua ungo wa maharagwe na kukaa kando ya chaja.

"Yaani nichambue maharagwe hapa mpaka igeuke," akasema.

"Ndiyo hivyo, Mama."

"Basi hiyo ni kazi?" Akaanza kuchambua. Taa ilipogeuka kijani aligusa betri kwa nyuma ya kidole, akaona ni vuguvugu tu, akatabasamu kama mtu aliyepewa mtoto ambebe. Wakati huo Rodah alikuwa anaingia na paka kwapani, akiuliza kama vita vimeisha.

Mifuko niliyokuja nayo nilirudi nayo Sotik ikiwa imejaa mboga.

Lakini usidhani Gichana alitulia mara moja. Kila jioni alipiga simu. Mama umekula, Mama chaja iko wapi, Mama umeitoa kwenye stima. Kila Jumapili alienda kunusa jikoni. Alisema hajaacha wazo la kumhamisha, anangoja tu aone. Mama alimjibu kwa upole, lakini mimi nilisikia sauti yake, na alikuwa bado anaishi kama mtu ambaye mizigo yake iko mlangoni.

Tukaenda kumtembelea wakati majani yalikuwa mengi. Tulichuma naye mchana, majani mawili na chipukizi lake, na kila mara alinirudisha nyuma kuonyesha nilichoruka. Jioni tukabeba mpaka kituoni. Lori lilichelewa kama kawaida. Tukakaa kwenye benchi na Rodah na wengine, giza likaanza kuingia, na Mama akavaa tochi yake kichwani. Ilimulika kituo chote. Karani aliyekuwa anapima alimwomba asogee karibu na mizani, naye akasogea na kusimama pale kama mwenye kituo.

Gichana alikuwa anatafuta gunia letu kwa tochi yake ya gereji. Ikafifia. Akaigonga kwenye goti, ikawaka kidogo, ikazima. Akafungua kifuniko, akatoa betri, na huku anaongea na Rodah kuhusu bei ya mbolea akaiweka mdomoni, kwenye magego.

"Gichana," Mama akasema.

Hakupaza sauti. Aligeuza tu kichwa, na mwanga wote ukaenda kwenye uso wa mwanawe, macho yamemtoka, betri imebanwa kwenye meno. Kituo kizima kilimwona. Rodah alishika benchi asianguke kwa kicheko.

"Toa mdomoni."

Akaitoa. Akaipangusa kwenye shati, akaiangalia, akamwangalia mama yake.

Mama alimwendea, akaichukua ile betri, akazungusha ganda lake chini ya mwanga kuona kama limechanika. Halikuwa limechanika. Akaitia mfukoni mwa shati la Gichana na kukipigapiga kile kifuko, kama alivyofanya, nadhani, alipokuwa anampeleka shule.

"Leta nguo zako kesho," akamwambia. "Utahamia kwangu, niweze kukuangalia."

Tulicheka mpaka lori likafika, Gichana akicheka kuliko sisi sote, na suala la Mama kuhama halijatajwa tena nyumbani kwetu.