Ngumi ya Fundi Bomba

Kabla ya chakula cha mchana pini ya ndoo nyembamba ya kuchimbia ilikatika, na fundi mitambo akaifungia katapila ndoo pana, iliyokuwa ndefu zaidi kwa sentimita arobaini. Kilichobaki ni kuiarifu mashine kupitia skrini kwamba imebadilishiwa ndoo, kazi ya kubonyeza mara mbili tu. Fundi mitambo alijua opareta atabonyeza. Opareta alijua fundi ameshabonyeza. Basi hakubonyeza mtu.

Opareta mwenyewe, ambaye wenzake kazini walimwita Dada Kijiko, alipanda kwenye kiti chake akiwa ameshiba na moyo umetulia. Skrini ilimchorea kila kitu: mtaro, meno ya ndoo, na chini yake mstari mwekundu, yaani bomba la gesi lililopita pale likiwa limejaa. Mashine yenyewe ilikuwa na adabu. Meno yakibakiza sentimita arobaini kufika kwenye bomba, inagoma kushuka. Na injinia, ndani ya ofisi yake ya kontena, aliiona picha hiyo hiyo kwa wakati ule ule.

Mtaroni, hatua chache mbele ya ndoo, alikuwepo fundi bomba na futi yake ya kuvuta. Huyo alikuwa kaka yake Dada Kijiko, tumbo moja, na ndiye aliyekuwa mtihani wake mkubwa pale kazini. Wiki iliyopita alinyanyua ngumi, ishara ya kusimamisha mashine, kumbe anataka kufunga kamba za kiatu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Injinia hakucheka. Alimwandikia Dada Kijiko onyo: akisimama tena bila sababu, anashuka kitini moja kwa moja. Miaka sita alikuwa amefagia stoo huku akikiomba kiti kile, na injinia aliijua vizuri miaka hiyo.

Kaka naye hakukoma. Asubuhi ya leo alisikika kwenye redio ya mtaroni, "Nyamazeni jamani, mdogo wangu anaangalia tamthilia." Dada Kijiko akaizima sauti ya redio hiyo. Kwa nusu saa tu, alijiambia, kisha akasahau.

"Umebakiza sentimita sitini," injinia alisema saa nane kasoro, kwenye redio ya ofisini. "Shuka taratibu."

"Nashuka, bosi."

Ndoo ilikwangua udongo. Kaka akanyanyua ngumi.

Dada Kijiko alipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Leo tena! "Bosi, fundi bomba ananisimamisha."

"Yule mcheshi wako? Mimi huku naona kijani kitupu. Endelea, magari ya zege yako njiani."

Alitazama skrini: hamsini na mbili. Kijani. Alitazama mtaroni. Wiki iliyopita kaka alikuwa anauma mdomo kuzuia kicheko, lakini leo uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Halafu akafanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halifanyi: badala ya kukimbia, aliisogelea ndoo akasimama mbele kabisa ya meno yake, ngumi bado juu.

"Dada Kijiko! Unachimba au huchimbi?"

Alikuwa bado ameshika wenzo wa ndoo. Aliogopa, na aliona aibu kwamba alichoogopa zaidi ni kukipoteza kile kiti.

Akaachia. "Nimesimama, bosi."

"Kwa sababu gani?"

"Sina sababu. Nimesimama tu."

"Basi shuka. Naleta mtu mwingine."

Kaka alikuwa ameshapiga magoti. Alifukua kwa viganja mpaka rangi ya njano ya bomba ikaonekana, akasimamisha futi kutoka hapo hadi kwenye jino la ndoo, akabana kwa kidole gumba na kumnyanyulia aone. Dada Kijiko alifungua mlango, akainama.

Kumi na mbili.

Mashine ingemruhusu kushuka kumi na mbili nyingine, hadi kwenye bomba lenyewe, ndipo igome. Alirudisha macho kwenye skrini, na pembeni kabisa akaona kijipicha cha ndoo. Ilikuwa ile nyembamba.

"Bosi," alisema, "mimi na wewe tunaangalia ndoo iliyoko gereji. Sikuibadilisha kwenye skrini. Tumebakiza kumi na mbili."

Injinia hakuuliza tena habari za zege.

Hapo ndipo Dada Kijiko alipoona, chini ya skrini, kitaa chekundu cha redio ya mtaroni kikiwaka na kuzimika. Kando yake paliandikwa: fundi bomba, ameita mara kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa dakika tisa zilizopita. Ngumi ilikuja mwisho wa yote.

Akapandisha sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Kaka. Nakusikia."

Kaka alihema kwanza, kisha redio ikakoroma. "Nyanyua ndoo, mdogo wangu. Tutagombana nyumbani."