Sauti Zilizowekwa Ghalani

Usiku wa jana niliota naingia darasani kwa Mwalimu Senyagwa nikiwa nimebeba jagi la maji, na mlangoni mizani ikaniambia nisimame.

Sikushangaa. Darasa letu la jioni la Kiingereza hapa Kibaigwa hufanyikia kwenye ghala la zamani la mahindi, na mizani ya kupimia magunia haikuondolewa. Siku zote huipita kimya. Nayo siku zote huwa kimya, kwa hiyo tulikuwa hatudaiani maneno.

"Wewe ni nani, dada?" mizani inauliza.

"Nyemo."

"Hilo ni jina. Majina yanaingilia mlango wa nyuma. Hapa wanapita vitenzi. Unafanya nini?"

"Napika uji kwa Madamu Fortunata."

Hilo ni kweli hata nikiwa macho. Madamu Fortunata ana chekechea ya Kiingereza nyuma ya soko, nami ndiye ninayewapikia watoto. Mwanzoni mwa muhula aliingia jikoni, akafunga mlango, akasema amegundua kwa nini watoto hawashiki Kiingereza. Kiswahili kinawaingia kupitia uji. Akanipa muhula mmoja nijifunze, halafu Jumatatu ya wiki ya mwisho atanipima mwenyewe, ana kwa ana, nizungumze mbele yake. Nikishindwa, mwiko atapewa mtu mwingine. Yeye Kiingereza chake nimekisikia kwenye simu tu, akiwa ametugeuzia mgongo.

Ndiyo maana nasoma kwa Mwalimu Senyagwa. Nasema nasoma. Mwalimu husema, darasa zima hurudia kwa pamoja, nami hufungua mdomo na kuufunga pamoja na wenzangu bila kutoa sauti. Sauti yangu huwa naiogopa nikiisikia iko peke yake. Hakuna aliyewahi kugundua. Watu wakirudia kwa nguvu vile, nani atachungulia mdomo mmoja mmoja?

Somo lililotukwamisha ni la To na Ing. Mwalimu anasema kitenzi cha Kiingereza kikimfuata mwenzake, hakiachwi kiende peke yake. Kuna kinachotaka To amtangulie mbele, na kuna kinachotaka Ing amshike nyuma. Want anamtaka To. Enjoy anamtaka Ing. Tukiuliza kwa nini, Mwalimu anajibu, "Ni hivyo hivyo tu. Repeat after me." Nasi tunajibu, "Ni hivyo hivyo tu. Repeat after me."

Basi mizani ikapiga mluzi, To na Ing wakaja.

To ni mwanamume mfupi mwenye suti iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, na mkono wake mmoja umenyooka kuelekea mbele kama kibao cha barabarani. Ing ni mama mwenye mkia mrefu kama kamba ya kufungia ng'ombe. Ameuviringisha mkononi ili usiburuzike.

"Ukinichukua mimi," To anasema, "nitasimama mbele yako. Utakuwa mtu wa mipango."

"Ukinichukua mimi," Ing anasema, "nitakushika kiuno. Utakuwa mtu wa kazi."

Nikawatazama kwanza waliokwisha kuwachukua. Diwani wetu alikuwa amesimama nyuma ya akina To watatu waliopanga mstari. Wa kwanza ni wa kuchimba kisima. Wa pili ni wa kutengeneza barabara. Wa tatu, diwani mwenyewe alikuwa amesahau ni wa nini. Kila akiinua mguu, To wa mbele anatangaza, "Hivi karibuni," na diwani anaurudisha mguu palepale. Watu waliokuwa pembeni wakapiga makofi.

Upande wa pili namwona Mzee Mazoya, mpakia magunia wa sokoni, ambaye darasani hukaa mbele yangu. Amefungwa mkia kiunoni. Anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Shikamoo, Mzee Mazoya," nikanong'ona. "Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nafurahi." Akacheka tena mpaka akainama. "Nilitamka Enjoy, mama huyu akanidaka. Nimefurahi tangu asubuhi, mbavu zimekwisha. Ukimwona mke wangu mwambie nitachelewa."

Mizani ikakohoa. "Dada, foleni ni ndefu. Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tano."

"Uliacha?"

"Sikumaliza."

Hapo Ing akanishika mkono. "Huyu wangu. Vyote visivyokwisha ni vyangu."

To akanishika mkono wa pili. "Hapana, mama. Alitaka kusoma. Waliotaka ni wangu. Tazama, hata hajaanza."

"Alianza akakatizwa."

"Alikatizwa kabla ya kuanza vizuri."

Wakanivuta huku na huku kama shuka linalokamuliwa maji. Nikashika jagi lisimwagike, sikusema kitu. Mizani ikachoka, ikaandika kwamba mimi ni mzigo usio na sauti, ikaniruhusu nipite. Wale wawili wakanifuata.

Ndani, magunia yamepangwa ukutani mpaka darini. Kila gunia lina jina la mtu. Nikaliona langu, dogo, limefungwa kwa kamba ya katani.

"Ni mahindi?" nikauliza.

"Ni sauti," ikasema mizani, ambayo sasa ilikuwa imeingia ndani bila kutembea. "Zile ambazo wenyewe hawakuzitumia. Tunazitunza zisiingie wadudu."

Pembeni ya langu kulikuwa na gunia la lumbesa, lile la kushindiliwa mpaka linapita mdomo wake na kushonewa kofia juu. Mbeba mizigo yeyote akiliona huanza kumlaani mwenye mali. Nikasoma jina. Fortunata.

"Madamu alisoma hapa?"

"Kwingine. Shule ya kulipia, yenye basi la njano. Kuanzia chekechea mpaka chuo, alifungua mdomo na kuufunga pamoja na wenzake. Gunia lililetwa na tela."

"Kwa hiyo hana Kiingereza?"

"Anacho," mizani ikasema kwa upole. "Si ndicho hicho kimeshonwa."

Nikageuka nimwambie mtu. Ghala likawa jiko la chekechea. Wenzangu wote wamekaa ndani ya masufuria makubwa, vichwa nje, madaftari vichwani. Mwalimu Senyagwa amesimama juu ya figa na chaki mkononi. Mbele kabisa, kwenye kiti cha wageni, ameketi Madamu Fortunata na filimbi shingoni. Sufuria moja ni tupu. Najua ni langu, kwa kuwa lina ukoko wangu.

"I want to cook," anasema Mwalimu.

"I want to cook," yanasema masufuria.

"I enjoy cooking."

"I enjoy cooking."

Nikafungua mdomo na kuufunga kama kawaida. Mwalimu akageuka kuandika, akakandamiza chaki kama anavyofanya akitaka tujue jambo ni muhimu, ikavunjika, na kipande kikamrukia kooni.

Mwalimu anakohoa. Darasa linakohoa. Kilikuwa kikohozi kizuri, cha pamoja, chenye matamshi safi kuliko sentensi zote za muhula ule.

"Nimekabwa," anasema Mwalimu.

"Nimekabwa."

"Si ninyi. Ni mimi."

"Si ninyi. Ni mimi."

"Maji, jamani."

"Maji, jamani," linasema darasa, na sauti za mwisho zinashuka vizuri, kama zake.

Madamu anapiga makofi taratibu. "Leo wameshika," anasema. "Sijawahi kuona darasa linashika hivi."

Jagi liko mkononi mwangu. Mwalimu ananitazama. Anazidi kuwa mweupe, kuanzia masikioni. Nikainua mguu.

To akaruka mbele yangu. "Hapa ndipo pangu. To bring. Huwezi kupeleka kitu bila mimi kutangulia."

"Basi tangulia, kaka."

Akanyoosha mkono wake vizuri zaidi. Hakusogea.

"Tunapeleka lini?"

"Hivi karibuni."

Ing akamsukuma, akanizungushia mkia kiunoni. "Achana na mtu wa maneno. Bringing. Twende." Tukaenda. Mama huyu ana kasi, siwezi kumsingizia. Tunapita meko, tunapita stoo, tunapita uwanja wa bembea, tunapita meko yaleyale, na Mwalimu yuko palepale, mbali vilevile, mkono kooni.

"Tunafika lini, mama?"

"Kufika simo," akasema bila kugeuka. "Mimi kazi yangu kwenda."

Nikatazama nyuma. Masufuria yalikuwa yameanza kukoroma, kwa sababu Mwalimu alikuwa anakoroma. Yalikuwa yanamfuata kwa uangalifu. Nikaelewa kwamba akikata roho watamfuata na huko, wakiangalia asiwaache nyuma.

"Dada," ikaita mizani kutoka ilipo. "Gunia lako ninalo hapa. Ila nikwambie mapema, kamba ya katani ikikatwa haifungwi tena. Atakayeisikia sauti yako amesikia."

Nikamfikiria Madamu pale mbele. Nikafikiria Jumatatu. Nikamtazama Mwalimu, ambaye alikuwa amefika rangi ya ukuta. Nikaweka jagi chini, nikalivuta gunia, nikakata kamba kwa meno.

Kwanza zikatoka zile za darasani, muhula mzima, nyembamba na zenye adabu. Good evening teacher ya siku ya kwanza ikatangulia, ikasalimia, ikakaa pembeni. Zikafuata I want to cook, I enjoy cooking, nyingine nimezisahau, zote zikiwa mpya kabisa, hazijawahi kuvaliwa. To akaziona za kwake. Ing akaziona za kwake. Wakaniachia, wakazikimbilia, wakaanza kunyang'anyana moja ambayo kila mmoja alisema ni yake.

Chini kabisa ya gunia ikabaki moja tu, nzito kidogo, isiyo na lugha bado. Nikaiokota. Ilikuwa na vumbi la mahindi. Nikaitia mdomoni hivyohivyo.

"Nyamazeni," nikasema. "Mwalimu anakufa."

"Nyamazeni," likasema darasa lote. "Mwalimu anakufa."

Halafu wakasikia walichosema.

Nilikuwa sijawahi kuona watu wakisikia. Walitazamana kutoka sufuria hadi sufuria, kama walioamshwa na mgeni. Mzee Mazoya akaacha kucheka, akashika mbavu, akasema, "Kumbe." Hakuna aliyerudia.

Ni Madamu Fortunata peke yake aliyekuwa bado anafungua mdomo na kuufunga. Anafungua na kufunga, kwa makini, bila sauti hata kidogo. Hakujua kwamba wengine wameacha. Sote tukamtazama. Hakuna aliyecheka, na nadhani hilo lilikuwa baya zaidi. Alipogundua, akapuliza filimbi. Nayo haikutoa kitu.

Nikachukua jagi, nikaenda. Mbele hakuna mtu, nyuma hakuna mtu. Palikuwa karibu sana, ajabu.

Mwalimu Senyagwa akalishika jagi kwa mikono yote miwili yenye chaki, akanywa mpaka mwisho bila kupumua. Kipande kikashuka. Rangi ikamrudi, kuanzia masikioni. Akafuta mdomo, akanitazama muda mrefu, nikajua anatafuta neno la kunishukuru.

"Nyemo," akasema. "Sentensi ile ungeisema kwa Kiingereza."

"Ningeisema kwa Kiingereza, Mwalimu," nikajibu, "wangeirudia mpaka tukuzike."

Akafikiri.

"Kaa chini," akasema.

Nikakaa kwenye sufuria langu. Mtu alikuwa amekwisha kuwasha moto chini yake. Nikaruka, nikaamka.

Kumekucha. Ni Jumatatu. Mbeleje, binti wa shangazi yangu ninayeishi naye, amesimama katikati ya chumba amefunga kanga, jagi mkononi.

"Nyemo, maji ya kunywa umemaliza yote? Jana si tulilijaza hili mpaka juu?"

"Si mimi," nikasema.

Mbeleje akageuka. Kwa kawaida asubuhi mimi humjibu kwa kichwa. Sauti ilikuwa imekwaruza kama ya mtu aliyelala kwenye vumbi, lakini ilitoka yote, na ilijaza chumba.

"Una mafua?"

"Hapana. Nipe hilo jagi."

Nikaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ubavuni, pande zote mbili, kulikuwa na alama nyeupe za vidole, vinene, vya mwanamume, aliyelishika kwa mikono miwili kama mwenye kiu sana. Nikapitisha kidole. Chaki. Katika chumba chetu hakuna chaki, hatujawahi kuwa na kitu cha kuandikia ukutani.

Mbeleje akalitazama jagi, akanitazama mimi, akaamua kutouliza. Akauliza lingine.

"Leo si ndiyo Madamu anakupima Kiingereza?"

"Ndiyo."

"Mbona huogopi? Jana hata ugali ulikushinda."

Nikaliweka jagi juu ya kabati, bila kulifuta.

"Nimeliona gunia lake," nikasema.