Kibaba cha Bi Mashavu

Kwaru. Kwaru. Jogoo hajawika bado, kifuu cha nazi kilikwangua tumbo la mtungi wa unga, na Bi Mashavu akausimamisha mkono. Alivuta upindo wa kanga yake, akauzungushia mdomo wa mtungi ili sauti isitoke, kisha akaendelea kukwangua polepole. Hakuwa anahofia kusikiwa na mwizi. Alihofia kusikiwa na jirani.

Katika nchi ya Mzingo nyumba zilishikana ukuta kwa ukuta. Aliyesikia kifuu cha mwenzake kikikwangua hakuuliza neno. Alitafuta alichonacho, akakiweka mlangoni pa mwenzake kabla hakujakucha, akaenda zake bila kubisha hodi. Na Bi Mashavu alijua kwamba upande wa pili wa ukuta, kwa Mzee Chande na mkewe, mtungi nao ulikuwa hauna kitu.

Kanga haikusaidia. Alipofungua mlango kwenda kuchota maji, alikuta fungu la majani ya maboga, limefungwa kwa ukindu, umande ungali juu yake.

"Masikio ya mzee huyu!" alinong'ona, akaliinua fungu kwa mikono miwili kama anayepokezwa mtoto.

Mzingo ilikuwa nchi yenye utaratibu. Mavuno yote yalipelekwa Ghala Kuu la Mfalme, na kila siku ya gulio kaya zilirudishiwa unga, kibaba kimoja kwa kila siku. Tena kila asubuhi Mjumbe wa Mfalme alipita mlango kwa mlango akiuliza neno moja tu: "Mmeshiba?" Swali hilo lilikuwa la zamani. Mfalme wa kwanza alikuwa akiliuliza mwenyewe, na kapu la mtama likiwa begani. Aliyejibu hapana alitiliwa. Wafalme wakafuatana. Kapu likawa zito, likaachwa. Swali lilikuwa jepesi, likabaki. Watu nao wakafundishana adabu: Mfalme ni mwenyeji wa nchi nzima, na mgeni mstaarabu hamwambii mwenyeji wake kwamba chakula hakikutosha. Kila mlango ukawa unajibu, "Tumeshiba, tunashukuru," na Mjumbe akawa anapeleka majibu hayo Ikulu kama mtu apelekaye maua.

Kibaba nacho hakikukaa kilivyokuwa. Mafundi wa Ghala walikipigilia ubao kitakoni, kwa ndani, na kwa nje kikabaki kilekile, na nakshi zake zilezile.

Bi Mashavu aliwalisha wajukuu wake na mama yao kwa kibaba hicho. Baba yao alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya Ghala. Dagaa hakuwapika wazima. Aliwakaanga bila mafuta, akawatwanga, akanyunyiza ule unga juu ya mboga ili kila tonge lipate harufu. Maji ya kunde hakuyamwaga. Ukoko aliuroweka, jioni ukawa uji. Watoto walikula, na mdogo wao, Kidawa, msichana mwenye miguu kama vijiti vya ufagio, alilamba mwiko akacheka. Mtaani wakasema bibi huyu ana mkono wa baraka. Mjumbe akayasikia, akayafikisha Ikulu.

Siku hizo baraza lilikuwa na shida kubwa. Mfalme alikwisha kujenga Ghala la Ziada, jengo zuri lenye milango ya shaba, na ziada ya kulijaza haikuwapo.

"Ziada ipo," alisema Waziri wa Ghala. "Imo vyunguni mwa watu. Wanapika ovyo, Mfalme."

"Lakini kila siku wanasema wameshiba," Mfalme akasema.

"Ndiyo hoja yangu. Mtu akishiba kila siku, maana yake kuna kinachozidi."

Waziri wa Sifa akapiga makofi ya heshima. Ndipo Bi Mashavu alipoitwa.

Walimwekea mafiga ukumbini, wakampa kibaba kimoja cha unga, majani, na dagaa wa kuhesabika, wakamwambia awapikie wazee wa baraza kama anavyopika kwake. Aliwahesabu dagaa mara mbili. Mpishi wa Ikulu, mama mnene mwenye macho ya huruma, alimwona, na alipopita kumletea kuni akadondosha chunguni konzi mbili za karanga zilizotwangwa.

"Usiaibike, dada yangu," alimnong'oneza.

Bi Mashavu alimshukuru kwa macho. Baadaye alilikumbuka tendo lile mara nyingi, na hata mara moja hakuweza kumkasirikia yule mama.

Wazee wa baraza, waliokuwa wametoka kula, walionja. Walionja tena.

"Kitamu!" akasema Waziri wa Ghala. "Kumbe tatizo si chakula. Tatizo ni upishi. Mama, kwa hiki unalisha watu wangapi?"

"Nyumba nzima, bwana. Lakini majirani nao…"

"Umesikia, Mfalme? Nyumba nzima, na majirani!"

"Siyo hivyo, bwana, nasema majirani ndio…"

"Mwacheni," Mfalme akasema kwa upole, maana hakuwa mtu wa kufoka. Aliinama kwenye kiti chake, akamtazama yule bibi usoni. "Mama yangu, niambie mwenyewe. Kwako, mmeshiba?"

Maisha yake yote Bi Mashavu alikuwa amelijibu swali hilo kwa Mjumbe, mlangoni, huku mikono ina majivu. Leo aliulizwa na mwenyeji mwenyewe, na ulimi ukaenda ulikozoea.

"Tumeshiba, Mfalme wangu. Tunashukuru."

Walimpa zawadi ya mwiko uliochongwa, umefungwa kwa hariri. Hakufika nyumbani kabla ya mbiu. Ilimpita njiani: kuanzia gulio lile, kila kaya ingepimiwa nusu kibaba, kwa kuwa imethibitika, kwa ushahidi wa Bi Mashavu, kwamba hiyo inatosha.

Alipoingia mtaani hakuna aliyemtukana. Mke wa Mzee Chande alimpokea mwiko, akaugeuzageuza.

"Mzuri," alisema. "Utakoroga nao nini?"

Halafu, alipoona uso wa mwenzake, akamshika bega. "Kaa, Mashavu. Hata mimi ningesema hivyohivyo. Tumelelewa na mama za aina moja."

Unga wa nusu kibaba ulipoanza kuliwa, Bi Mashavu alijaribu kila alichokijua. Aliongeza maji mpaka uji ukaonyesha kitako cha bakuli. Asubuhi moja kifuu kilikwangua mtungi, kwaru, na yeye hakukumbuka kuuziba kwa kanga. Alipofungua mlango hapakuwa na kitu. Kizingiti kilikuwa kitupu, kimelowa umande. Alisimama akikitazama. Hakumlaumu mtu. Alijua tu kwamba kule ng'ambo ya ukuta mzee alikuwa macho, amesikia, na amejilaza akiona aibu.

Aliwagawia watoto uji. Kidawa alimaliza wake, akapitisha kidole ndani ya bakuli, akakilamba, akapitisha tena pasipokuwa na kitu. Mbavu zake zilikuwa zinahesabika.

"Kidawa, mama, umeshiba?"

Mtoto alificha kidole nyuma ya mgongo. Akaketi vizuri, kama alivyoona watu wazima wanavyoketi.

"Nimeshiba, bibi. Nashukuru."

Bi Mashavu aliweka bakuli chini. Akamvuta yule mtoto, akampakata. Kumbe jibu hili ndilo alilokuwa akiwalisha, kila siku, pamoja na uji.

Nje kengele ya Mjumbe ikalia.

"Mmeshiba?" Mjumbe aliuliza, mguu mmoja ukiwa umeshaelekea mlango wa pili.

"Hapana," Bi Mashavu akajibu.

Mguu ukarudi. "Unasemaje, bibi?"

"Hatujashiba."

"Bibi, usinitanie asubuhi yote hii. Sema lile neno nipite."

"Nimelisema. Jana hatukushiba, na juzi hatukushiba. Siku ile Ikulu nilisema uongo, kwa adabu. Kampelekee Mfalme. Mwambie Mashavu anamwomba radhi kwa uongo ule, na leo anamwambia kweli."

"Nitasema nini mimi mbele ya baraza? Jibu hilo sijapata kulibeba!"

"Si zito, mwanangu. Ni neno moja."

Ukutani kukasikika kikohozi. Mzee Chande alikuwa amesimama mlangoni pake, akiegemea mke wake.

"Na hapa pia," alisema, sauti ikikwaruza. "Hatujashiba."

"Hata sisi!" mwanamke akaitikia upande wa pili wa njia, kwanza kwa woga, kisha akarudia kwa nguvu, kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe ikampendeza. Neno likashika njia mlango kwa mlango, likateremka mpaka kisimani, na huko wachota maji wakaweka ndoo chini. Juu ya kilima milango ya shaba ya Ghala la Ziada iling'aa juani, na kutoka pale kila mtu aliiona.

Mjumbe alisimama katikati ya njia, kengele imening'inia. Ndipo Bi Mashavu alipoiona midomo yake ilivyokauka, na mkanda wake ulivyoongezwa tundu jipya. Aliingia ndani, akatoka na kipande cha ukoko kwenye kiganja, kile alichojiwekea mwenyewe.

"Na wewe, baba, umeshiba?"

Kijana yule alifungua mdomo kujibu kama alivyofunzwa. Aliutazama ukoko, akamtazama Kidawa aliyeshika upindo wa kanga ya bibi yake, akatikisa kichwa.

"Hapana, bibi," akasema taratibu.

Walimega ule ukoko, Mjumbe nusu, Kidawa nusu. Kisha Mjumbe akaishika kengele yake akashika njia ya Ikulu, akitembea kama aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika. Alikuwa karibu kukata kona Bi Mashavu alipompigia ukelele.

"Kesho usituruke, mwanangu! Pita tena. Uje utuulize tena."